NDIYO MHESHIMIWA, LINASHUGHULIKIWA!

Kuna neno moja la Kiswahili linaloweza kukuzeesha kabla hujaoa. Neno lenyewe ni "linashughulikiwa". Ukiambiwa suala lako linashughulikiwa, ndugu yangu, rudi nyumbani ukapike, manake hapo hakuna anayeshughulikia kitu. Wewe ndiye unayeshughulikiwa.

Nilidhani neno hili ni mali yetu, tumelitunga wenyewe kama tulivyotunga danadana, longolongo na kupigwa kalenda. Kumbe wapi! Wazungu wanalo tangu enzi za mababu, na tena wao wamelifanyia hadi kichekesho cha televisheni. Kichekesho chenyewe kinaitwa Yes Minister, yaani Ndiyo Mheshimiwa Waziri. Kilianza kurushwa na BBC, chaneli yao ya pili, Februari 1980. Wengi wetu kijiweni tulikuwa hata hatujapangwa kuzaliwa. Lakini nawaambieni, ukikitazama leo utafikiri mtunzi alikaa kwenye benchi la nje la ofisi fulani hapa mjini, akiwa na daftari mkononi.

Vipindi vyote nimevipata kwenye flashi, na nimevimaliza. Viko 38. Kuna vya Yes Minister, vilivyokwenda mpaka 1984, halafu jamaa akapandishwa cheo na mchezo ukaitwa Yes, Prime Minister, kuanzia 1986 mpaka Januari 1988. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, sikatai, kwa hiyo kuna sehemu nilikuwa narudisha nyuma mara tatu. Baadaye nikagundua kwamba kumbe hata Waziri mwenyewe mle ndani haelewi! Ndiyo raha ya mchezo.

WATU WATATU TU

Msomaji wangu, usitegemee kuona magari yakipinduka au mtu akipigwa risasi. Humu kuna watu watatu wanaongea ofisini, basi.

Wa kwanza ni Jim Hacker, ambaye aliigizwa na Paul Eddington. Huyu ndiye Waziri. Ni mwanasiasa wa kawaida: si mwizi, si mbaya, anapenda kusifiwa magazetini na anaogopa kukosa kura kuliko anavyoogopa kifo. Chama chake hakitajwi hata mara moja, ili asitokee mtu wa kusema wamechezwa wao.

Wa pili ndiye kiboko. Sir Humphrey Appleby, Katibu Mkuu wa Wizara. Aliigizwa na Nigel Hawthorne, na jamaa alizoa tuzo ya BAFTA mara nne kwa kazi hii moja. Humphrey ana tai safi, ana tabasamu, ana adabu ya kupitiliza. Hajawahi kumwambia Waziri "hapana" kavu kavu. Yeye kila kitu ni ndiyo, halafu hakifanyiki. Akibanwa kwenye kona anafungulia sentensi moja ndefu kama treni ya mizigo. Ikimalizika kupita umeshasahau ulikuwa unataka kuvuka kwenda wapi.

Wa tatu ni Bernard Woolley, aliyeigizwa na Derek Fowlds. Huyu ni katibu wa Waziri, kijana mpole anayekaa katikati ya mafahali wawili. Waziri ndiye bosi wake wa leo, lakini Humphrey ndiye anayeshika maisha yake ya kesho. Ukishawahi kuwa dogo wa ofisini, unaagizwa chai na wakubwa wawili wasiopatana, basi Bernard ni ndugu yako wa damu.

Siku ya kwanza tu Hacker anaingia wizarani, inayoitwa Wizara ya Mambo ya Utawala (kama unajiuliza kazi yake ni nini hasa, umeshaanza kucheka). Anatambulishwa. Humphrey anamweleza kwamba yeye ni Katibu Mkuu, Bernard ni katibu wa Waziri, na yeye Humphrey naye ana katibu wake, halafu chini yake wako makatibu wadogo kumi wa ngazi hii, 87 wa ngazi ile, na wasaidizi wao 219. Hacker, maskini, anauliza: wote hao wanapiga chapa? Jibu ni kwamba hakuna hata mmoja. Anayepiga chapa ni mama mmoja tu, na ndiye katibu hasa.

Kichekesho hicho hakihitaji mkalimani kwetu. Katibu Mkuu, katibu tawala, katibu kata, katibu muhtasi... Makatibu mpaka basi, na barua yako bado haijachapwa.

HOSPITALI ISIYO NA MGONJWA

Kama una muda wa kipindi kimoja tu, tafuta kile cha mwaka 1981 kuhusu hospitali. Hospitali mpya, majengo yanang'aa, vitanda vimetandikwa. Ina wafanyakazi zaidi ya 500: wahasibu, makarani, wasimamizi, wafagizi, wapangaji wa ratiba. Imefunguliwa miezi 15. Idadi ya wagonjwa: sifuri. Daktari hakuna, nesi hakuna.

Hacker anakwenda kuitembelea, anauliza kulikoni. Mama msimamizi anamjibu bila kupepesa macho kwamba kazi ni nyingi mno, na tena hospitali imeingia kwenye mashindano ya usafi. Itakosaje kuwa safi wakati hakuna anayeichafua? Na Humphrey anaona hiyo ni moja ya hospitali zinazoendeshwa vizuri kuliko zote nchini. Kwake yeye mgonjwa ni usumbufu. Mgonjwa anaharibu hesabu.

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikanyamaza ghafla. Manake mwisho wa kipindi hospitali haipati wagonjwa hata baada ya Waziri kupiga kelele. Akigusa wafanyakazi, chama cha wafanyakazi kinatishia mgomo. Mwishowe majengo yanapata kazi nyingine kabisa: yanawapokea wakimbizi kutoka Cuba. Kila mkubwa anatoka na heshima yake. Waliokuwa wanasubiri vitanda, hata sura zao hatuzioni kwenye kipindi. Hebu fikiria hilo. Watu wanaohusika hasa na hospitali hawamo kwenye stori.

MAPENZI YA KURA ZA MAONI

Kingine ni cha 1986, Hacker akiwa ameshakuwa Waziri Mkuu. Anataka kurudisha jeshi la lazima kwa vijana, kitu kinachofanana na JKT yetu, manake kura ya maoni imeonyesha wananchi wanaitaka. Humphrey haitaki. Anamwambia Bernard: fanya kura nyingine, ionyeshe hawaitaki. Bernard anashangaa, watu walewale watajibuje vingine?

Humphrey anamfundisha palepale. Anamuuliza: una wasiwasi na vijana wasio na kazi? Ndiyo. Na uhalifu kuongezeka? Ndiyo. Nidhamu mashuleni imeshuka? Ndiyo. Vijana wanahitaji uongozi? Ndiyo. Basi ungeunga mkono jeshi la lazima? Bernard anasema ndiyo! Halafu anageuza: una wasiwasi na hatari ya vita? Ndiyo. Kuna hatari kuwapa vijana bunduki na kuwafundisha kuua? Ndiyo. Ni vibaya kumlazimisha mtu kushika silaha? Ndiyo. Basi ungepinga jeshi la lazima? Bernard anasema ndiyo tena! Dakika moja, mtu mmoja, majibu mawili.

Tangu nione hicho, mtu akinijia na karatasi ya maswali, namwambia anisomee kwanza swali la mwisho.

AFRIKA NAYO IMO

Hatukusahauliwa, wenzangu. Kwenye mzunguko wa kwanza kabisa, 1980, kuna nchi ya Afrika inaitwa Buranda. Usiitafute kwenye ramani, wameibuni. Rais wake anapinduliwa kabla ya kwenda Uingereza kwa ziara rasmi, na huyo mpya anakwenda kwenye ziara ileile. Waingereza wanaogopa. Kumbe Hacker alisoma naye chuoni London, anamjua kwa jina la ujana.

Sasa Rais huyu mpya anawasha moto. Ziara inafanyika Scotland, ambako chama cha Hacker kinahitaji kura. Jamaa anagawa hotuba yake mapema, na ndani yake anawahimiza Waskoti na Waairishi wapigane na ukoloni wa Kiingereza! Hacker jasho linamtoka. Anaomba maneno hayo yafutwe. Rais anasema hakuna neno, lakini naomba mkopo wa pauni milioni 50 usio na riba, nikanunue mitambo ya mafuta kwenu hapahapa.

Kijiweni tulibishana sana kuhusu kipindi hiki. Mmoja alisema wametudharau, Mwafrika ameonyeshwa kama mpinduzi mwenye bakuli la kuomba. Ana hoja. Mimi nilimjibu hivi: angalia vizuri, mle ndani mtu pekee anayejua anachotaka na anayekipata ni yule Mwafrika. Amesoma kwao, amejua udhaifu wao, amewashika pabaya. Ubishi haukuisha, na soda niliyoahidiwa sijaiona mpaka leo.

Halafu kuna ile safari ya kwenda nchi ya mafuta ya Ghuba, nayo ya kubuni, iliyoonyeshwa mwishoni mwa 1982. Ni nchi ya Kiislamu, pombe marufuku. Wageni wa Uingereza wanafungua chumba cha mawasiliano ya siri, na humo wanaficha chupa. Basi katikati ya tafrija Bernard anamjia Waziri mbio: Mheshimiwa, kuna ujumbe wa haraka kutoka kwa Bwana Haig! Mara ubalozi wa Urusi, Bwana Smirnoff! Waziri anatoka na glasi ya maji ya machungwa, anarudi na uso wa furaha. Nyuma ya utani huo kuna kubwa zaidi: mkataba mnono wa Waingereza umepatikana kwa mlungula. Ila Humphrey hautaji kwa jina hilo. Kuna ada ya utambulisho, kuna gharama za utawala, kuna zawadi maalumu. Sisi tuna "chai", "kitu kidogo" na "ya maji". Wao wana vocha.

MAJENGO YALEYALE

Sasa usiseme haya ni ya Ulaya hayatuhusu. Mfumo wa Waziri juu na Katibu Mkuu pembeni tuliurithi kutoka kwao, pamoja na mafaili na mihuri. Hapa Tanzania Katibu Mkuu ndiye Afisa Masuuli wa wizara, yaani fedha zikipotea yeye ndiye anayeulizwa. Na Humphrey alipopanda kuwa Katibu wa Baraza la Mawaziri, hicho cheo kwetu anakishika Katibu Mkuu Kiongozi.

Tofauti iko sehemu moja muhimu. Kule Waziri anapita na uchaguzi, Katibu Mkuu anabaki mpaka kustaafu. Ndo maana Humphrey hamwogopi Hacker. Ameshawazika mawaziri wengi. Huku kwetu Rais ndiye anayewateua wote wawili, na taarifa moja ya usiku inaweza kuwahamisha wote wawili. Kwa hiyo Humphrey wetu hakai sana wizarani. Anayekaa ni wa chini yake, halafu wa chini ya huyo, mpaka unafika kwa yule mwenye ufunguo wa kabati.

Na watunzi hawakuota. Antony Jay na Jonathan Lynn walichota kwa watu waliokuwa ndani, na chemchemi yao kubwa ilikuwa shajara za Richard Crossman, aliyekuwa waziri wa nyumba kuanzia 1964. Crossman aliandika jinsi alivyokuwa akivutana na katibu mkuu wake, mama mmoja chuma kweli, Dame Evelyn Sharp, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho Uingereza. Serikali ilijaribu mahakamani mwaka 1975 kuzuia shajara hizo zisitoke, ikashindwa. Unaona? Mkubwa haogopi kutukanwa, anaogopa kuandikwa.

HATUA TANO ZA KUKUCHELEWESHA

Hapa ndipo ninapotaka utulie, manake hapa ndipo mchezo ulipoacha kuwa mchezo kwangu.

Katika kipindi kimoja cha 1980, Hacker anataka sheria ya kulinda taarifa za wananchi zilizojazwa kwenye kompyuta za serikali. (Miaka 40 na kitu iliyopita! Leo kila kibanda kinataka alama yako ya kidole.) Humphrey anachelewesha. Hacker, kwa kukata tamaa, anamfuata mpinzani wake aliyekuwa waziri kabla yake. Yule anacheka, anamwambia: ndugu, wanachelewesha kwa hatua tano, mimi nilizipitia zote. Kwanza watasema serikali ni mpya, mambo mengi. Pili, wazo zuri lakini je, hii ndiyo njia sahihi? Tatu, wakati wake haujafika. Nne, kuna matatizo ya kiufundi, ya kisiasa na ya kisheria. Tano, sasa uchaguzi umekaribia, tumechelewa.

Nilisimamisha picha. Nikachukua kalamu.

Sisi mtaani tulikuwa vijana tisa. Tuliunda kikundi, tukaandika katiba, tukafungua akaunti, tukaomba mkopo wa vijana kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Shida yetu ilikuwa mashine ya kufyatulia matofali tu. Safari ya kwanza tuliambiwa afisa ni mgeni, bado anasoma mazingira. Safari ya pili: wazo lenu zuri sana vijana, lakini andiko linahitaji kuboreshwa. Safari ya tatu: mwaka wa fedha unaisha Juni, njooni Julai. Safari ya nne: mwanasheria ana hoja kwenye katiba yenu. Safari ya tano: subirini kidogo uchaguzi upite.

Hatua tano! Kwa mpangilio uleule! Yule afisa sidhani kama amewahi hata kulisikia jina la Yes Minister. Hajafundishwa na mtu. Ndiyo inatisha zaidi.

Katika tisa tumebaki wanne. Mmoja kaenda kuendesha bodaboda ya mtu, anapeleka hesabu kila jioni. Wawili wamehama mji. Mmoja dada yetu kaolewa, na mwingine hataki hata kusikia neno kikundi. Tofali hata moja hatujafyatua. Kwa Humphrey kuchelewa ni mbinu, jioni anakwenda zake kunywa. Kwa kijana wa miaka 22 mwaka mmoja wa kusubiri ni mrefu, unaweza kumla ujana wote.

MJOMBA ANA NENO

Nilimwonyesha mjomba wangu vipindi viwili vitatu. Mjomba alikuwa karani wa masijala serikalini, akapunguzwa kazi miaka ya 1990 wakati serikali ilipokuwa inapunguza wafanyakazi wake kwa maelfu. Nilidhani atacheka kuliko wote. Hakucheka.

"Mpwa wangu," akasema, "huyu mzungu mrefu ni mkorofi, nakubali. Lakini yule Waziri wako angekuwa peke yake, nchi ingeuzwa Jumatano."

Nikamwambia lakini mjomba, watu wanateseka. Akasema: "Sisi tulikuwa tunajua kila faili liko wapi. Walipotuondoa walisema wanaondoa urasimu. Urasimu umeondoka? Wameondoka waliokuwa wanajua kabati."

Hapo mjomba kanipiga. Manake nimesoma kwamba Antony Jay mwenyewe alikuwa anaamini ile nadharia ya wachumi kwamba mtumishi wa umma anajitafutia makuu yake kwanza, kama mfanyabiashara yeyote. Na shabiki nambari moja wa mchezo huu alikuwa nani? Margaret Thatcher, Waziri Mkuu mwenyewe! Januari 1984 mchezo ulipopewa tuzo, mama alipanda jukwaani akaigiza kipande kifupi na Eddington na Hawthorne, anamwagiza Waziri awafute wachumi wote. Mwaka 1988 Jay akapewa usir. Mtengeneza filamu Adam Curtis alikuja kusema mwaka 2007 kwamba kichekesho hiki kilisaidia kusambaza hiyo imani ya kutowaamini watumishi wa umma, na imani hiyo ikawafaa waliotaka serikali ipunguzwe.

Kwa hiyo angalia, msomaji. Kicheko nacho kina mwenyewe. Ukicheka na Humphrey pekee, kesho mtu anakuja anafukuza karani, nesi na mwalimu, anakuambia nimekuondolea Humphrey. Na Humphrey mwenyewe yupo palepale, kabadilisha tai tu.

Mimi sikubali kumfanya kila mtumishi wa serikali adui. Wapo wanaokaa mpaka saa moja usiku wakitafuta jina lako kwenye daftari, na mshahara wao unaishia kwenye nauli. Lakini sikubaliani na mjomba kwa asilimia mia pia. Kujua kabati si sababu ya kuficha ufunguo.

DAWA YAKE

Turudi kwenye kile kipindi cha kompyuta, manake hatujakimaliza. Hacker alishindaje? Hakupiga meza, hakutukana. Alikwenda kwenye televisheni akatangaza mbele ya nchi nzima kwamba ulinzi wa taarifa utakuwa tayari, akataja lini, na akaongeza kwamba Sir Humphrey ameweka heshima yake rehani kuhakikisha hilo. Basi! Humphrey alitazama kipindi. Hakuwa na pa kukimbilia.

Nilipomsimulia mjomba, hapo ndo alitabasamu mara ya kwanza. Akasema: "Sasa umeelewa. Mtu wa ofisi hatishwi na kelele. Anatishwa na tarehe, jina na maandishi. Barua ikiingia masijala inapewa namba. Uliza namba. Ukishakuwa nayo wewe si kijana fulani tena, wewe ni faili."

Wanne tuliobaki tukaomba namba ya barua yetu. Tukaipata, ikiwa na tarehe ya kupokelewa. Mkutano wa mtaa ulipoitishwa, mmoja wetu akasimama, akasoma namba, akasoma tarehe, akauliza mbele ya wazee na kina mama: jibu litatoka lini? Afisa akasema linashughulikiwa. Watu wakacheka. Mama mmoja muuza vitumbua akadakia: "Lini, mwanangu?" Afisa akataja siku. Ikaandikwa kwenye muhtasari.

Siku ilipofika barua ilitoka. Hatukupata mkopo. Barua ilisema tumepungukiwa vigezo viwili, ikavitaja kimoja kimoja, na inasema tukivitimiza tuombe upya. Unaweza kusema ni kazi bure. Mimi naona tofauti kubwa. "Hapana" ya maandishi unaweza kuifanyia kazi, unajua urekebishe nini. "Ndiyo" ya mdomo inakulaza usingizi. Kigezo kimoja tumeshakimaliza, cha pili tunakihangaikia.

Eddington alifariki 1995, Hawthorne 2001, Jay 2016, Fowlds 2020. Wahindi walitengeneza Humphrey wao wa Kihindi mwaka 2001. Sisi bado hatujatengeneza wa kwetu wa kwenye skrini, wakati malighafi tunayo ya kuuza nje. Wasanii mko wapi? Nipeni kazi ya kuandika, mimi kipindi cha kwanza ninacho tayari, kina vijana tisa na mashine moja.

Wakati tunasubiri, ukienda kwenye dirisha lolote wiki hii, usitoke bila mambo matatu: namba ya barua, jina la aliyekuhudumia, na siku ya kurudi. Akikuambia linashughulikiwa, tabasamu, toa kalamu, muulize kwa adabu kama yule mama wa vitumbua: lini?

Tukutane wiki ijayo.